Albino kwa albino, mbona watoto wote sita wana rangi ya kawaida?

MwanaKokoto aliandika:

Habari zenu wadau. Nina geko chui wawili (wale mijusi wa kufugwa) ambao wamenichanganya hesabu.

Dume aliuzwa kwa lebo ya "Mack Snow Tremper albino". Ana miaka mitatu na gramu 71. Jike aliuzwa kwa lebo ya "albino" tu, bila neno la ziada. Alifika mwezi wa pili akiwa mtu mzima, gramu 58, manjano iliyokolea kichwani na mgongoni. Nilimtenga wiki tatu, kisha nikamweka na dume. Ametaga mayai manane kwa mikupuo minne, mawili yakaoza, sita yameanguliwa. Kitotoleshi kilikuwa nyuzi 30.

Hakuna albino hata mmoja. Wanne wana mikanda myeusi na ya manjano kama geko wa porini. Wawili walitoka kwenye yai weusi kwa weupe, bila manjano kabisa, lakini sasa wana wiki saba na manjano imeanza kupenya mgongoni.

Nimesoma kwamba ualbino ni jeni fichi, yaani rangi haionekani mpaka mtoto apate nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Basi wazazi wote wakiwa albino, watoto wangetoka wapi na rangi nyeusi? Dume si albino kweli? Jike alikuja na mbegu za dume mwingine? Na hao weusi kwa weupe ni kitu gani? Kuna watu wawili wanasubiri watoto na sitaki kuandika uongo kwenye lebo.

---

MkiaMnene alijibu:

Kanuni uliyosoma ni sahihi, ila ina sharti ambalo wengi hawaliandiki: uwe ualbino ule ule.

Geko chui wana ualbino wa aina tatu unaofahamika: Tremper, Bell na Rainwater (huyu wa mwisho wengine humwita Las Vegas). Zote zilitokea kwa wafugaji wa Marekani, kila moja kwenye ukoo wake, na majina ni ya wafugaji hao. Kila aina ni jeni fichi, lakini kila moja imekaa mahali pake. Si matoleo matatu ya jeni moja.

Ifikirie chapati. Nyumba ya kwanza ina unga lakini haina moto. Nyumba ya pili ina moto lakini haina unga. Zote mbili zinalala bila chapati, na ukichungulia dirishani utaona njaa ile ile. Waoane: mmoja analeta unga, mwingine moto, chapati inaiva. Tremper akipandana na Bell, mtoto anapata nakala nzima ya jeni ya Tremper kutoka kwa mzazi wa Bell, na nakala nzima ya jeni ya Bell kutoka kwa mzazi wa Tremper. Rangi nyeusi inatengenezwa kama kawaida. Mtoto anaonekana wa porini kabisa, kumbe ana nakala moja mbovu kila upande. Mwenye nakala moja mbovu iliyojificha tunamwita heti; akiwa nayo kwenye jeni mbili, ni heti maradufu.

Kwa hiyo jike wako si Tremper. Ni Bell au Rainwater. Na watoto wote sita andika "heti Tremper" bila wasiwasi, maana baba yao ni Tremper.

---

PunjeYaYai alijibu:

MkiaMnene, hapo mwisho umekimbia mkuu. Huwezi kuwapa watoto wote sita baba kabla ya kujibu swali lake la pili.

Jike wa geko chui anaweza kuhifadhi mbegu na kutaga mayai yenye uhai msimu mzima kutokana na kupandwa mara moja. Wiki tatu za kutengwa hazithibitishi chochote. Huyu alikuja mtu mzima. Kwa hiyo njia ziko tatu, si moja:

Ya kwanza, jike ni Bell au Rainwater, na dume wako ndiye baba. Watoto ni heti maradufu. Ya pili, jike ni Tremper, lakini alishapandwa na dume asiye albino kabla hajafika kwako. Watoto ni heti Tremper kwa upande wa mama. Ya tatu ndiyo inayoharibu lebo yako, MkiaMnene: jike ni Bell au Rainwater na baba ni yule dume wa zamani. Watoto hao hawana Tremper hata chembe.

Sasa, bahati nzuri MwanaKokoto ameandika ushahidi bila kujua. Hao wawili weusi kwa weupe ni Mack Snow. Mack Snow haijifichi kama ualbino: nakala moja tu inaonekana. Mtoto hutoka bila manjano, halafu manjano inaingia taratibu kadiri anavyokua, ndiyo maana Snow hutambuliwa siku anayotoka kwenye yai. Piga picha siku ya kwanza, kwenye karatasi nyeupe, bila taa ya manjano. Akifika miezi sita utabishana na kila mtu.

Nakala hiyo lazima imetoka kwa mzazi mmojawapo. Jike kwa maelezo yako ana manjano iliyokolea, kwa hiyo si wa kumdhania Snow. Dume ana lebo ya Snow. Basi hao wawili ni wa dume wako. Na kama ni wa dume wako, na dume ni Tremper, na wao si albino, basi mama si Tremper. Njia ya pili imefungwa.

Wanne waliobaki bado hawajathibitika. Dume mwenye nakala moja ya Snow huirithisha kwa nusu ya watoto, kwa hiyo wawili kati ya sita si ajabu, wote wanaweza kuwa wake. Lakini mkupuo mmoja unaweza kuwa na baba wawili.

Muulize aliyekuuzia maswali mawili tu: jike alikaa na dume yeyote, na kama ndiyo, dume huyo alikuwa Snow? Jibu la pili likiwa "ndiyo", hesabu yangu yote ya juu inarudi mwanzo.

---

MwanaKokoto alijibu:

Ahsanteni sana. Nimemuuliza. Anasema jike alikaa na majike wenzake watatu, hakuna dume aliyewahi kuingia humo, na hajawahi kufuga Snow. Ila aina ya albino hajui, naye alimpata hivyo hivyo.

Nitajuaje kama ni Bell au Rainwater? Kuna anayesema tazama macho. Na je, nikiwapandisha ndugu kwa ndugu hapo baadaye, watoto watanionyesha?

---

MkiaMnene alijibu:

Nakubali kukosolewa. Punje yuko sahihi kuhusu lebo.

Macho: Bell mara nyingi ana jicho la waridi linaloelekea wekundu na madoa ya kahawia yaliyotawanyika mwilini. Rainwater huwa mweupe zaidi, rangi zake kama zimefuliwa. Ni mwelekeo, si kithibitisho. Nuru ya simu, umri na joto la yai vinabadilisha kila kitu. Anayekwambia "ni Bell, nimeona picha" anabahatisha.

Ndugu kwa ndugu usifanye, na sababu si undugu pekee. Hesabu yenyewe inakufunga. Heti maradufu kwa heti maradufu, katika kila watoto 16 kwa wastani:

9 wana rangi ya kawaida
3 ni Tremper tu
3 ni albino wa aina ile nyingine tu
1 ana ualbino wote wawili

Saba kati ya 16 ni albino, na huwezi kuwatenganisha kwa jicho. Ukiuza mmoja kwa jina la "albino", umemtengenezea mtu mwingine swali hili hili uliloleta hapa. Bila shaka jike wako alizaliwa kwa njia kama hiyo au aliuzwa na mtu asiyeandika.

Njia ya kweli ni kumpandisha na dume ambaye ukoo wake unajulikana. Mtenge kwanza msimu mzima mbegu za sasa ziishe. Kisha:

Ukimpa dume ambaye ni albino wa Bell kamili, mwenye nakala mbili: kama jike ni Bell, watoto wote watakuwa albino. Mtoto mmoja tu wa rangi ya kawaida anatosha kukwambia si Bell, mradi una uhakika na baba.

Ukimpa dume ambaye ni heti Bell tu: kama jike ni Bell, nusu ya watoto kwa wastani ni albino. Watano mfululizo wakitoka wa kawaida, nafasi kwamba ni bahati mbaya tu ni 1 kati ya 32, takriban asilimia 3. Hapo unaweza kusema si Bell.

Ukikosa albino kwa Bell, usiandike Rainwater kwa kuondoa moja katika mbili. Mjaribu kwa Rainwater pia. Lebo ya "albino" ilishakudanganya mara moja.

Na tahadhari kubwa kuliko hizo zote: dume wa kuazima. Geko chui hubeba kriptosporidiamu, kijidudu cha utumbo kinachokondesha mkia mpaka unabaki kama kijiti, na dawa ya kukimaliza kwa uhakika hakuna. Dawa za kawaida za kusafishia haziui. Dume mgeni akae chumba kingine siku 90, vyombo vyake na koleo lake la kulishia visichanganywe, na kinyesi chake kipimwe kwa PCR (kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya kijidudu) zaidi ya mara moja, kwa sababu kijidudu hakitoki kila siku. Kama huwezi kufanya hayo, kaa na jike wa "albino asiyejulikana", hakuna ubaya. Atakula, atalala, hatakulaumu.

---

Kishingo alijibu:

Niongeze kidogo kuhusu Snow, maana hapo ndipo watu wa jedwali la Punnett (lile la kupigia hesabu za urithi) wanapoteleza.

Wanaofuga kuku wa kienyeji wanaijua tayari. Kuku kishingo mwenye nakala moja hubaki na kishungi cha manyoya mbele ya shingo. Mwenye nakala mbili shingo inakuwa tupu zaidi. Nakala moja inaonekana, mbili zinaonekana kwa namna nyingine. Mack Snow ni hivyo hivyo. Nakala moja, unapata Snow. Nakala mbili, unapata Super Snow: mwili mweupe wenye vidoa vyeusi vilivyojipanga, na macho meusi yote. Snow kwa Snow hutoa kwa wastani robo Super, nusu Snow, robo kawaida. Na hao robo wa kawaida ni wa kawaida kweli, hawafichi Snow. Ukiona tangazo la "heti Snow", funga ukurasa.

Zile asilimia kwenye lebo pia zina maana yake. Heti kwa heti ya jeni moja fichi: watoto wenye sura ya kawaida, wawili kati ya watatu wanabeba, ndiyo maana ya "uwezekano wa heti asilimia 66". Heti kwa asiyebeba: nusu wanabeba, ndiyo 50. Si kwamba geko ana theluthi mbili za jeni. Ama anayo ama hana.

Sasa joto. Umetotolesha kwa nyuzi 30, na geko chui hawana kromosomu za jinsia. Joto la yai ndilo linaloamua. Nyuzi 26 hadi 28 karibu wote ni majike. Karibu 32.5 wengi ni madume. Ukipanda 34 majike yanarudi lakini vifo vya viini vinaongezeka. Kwa 30 tarajia mchanganyiko, majike zaidi. Maana yake kwa urithi wa rangi: hakuna jeni ya rangi inayofuata jinsia kwa geko hawa, kwa hiyo zile mbinu za kuku za kutambua jogoo kwa rangi ya kifaranga zisahau.

Joto hilo hilo linagusa rangi ya albino. Aina zote tatu bado hutengeneza kahawia kidogo. Mayai ya nyuzi 26 hutoa albino wa kahawia iliyoiva, mayai ya 32 hutoa weupe na wa chungwa safi. Ndugu wawili wenye jeni zile zile wanaweza kuonekana kama aina mbili. Hiyo ni sababu nyingine ya kutoamini macho. Na pima joto kwa kipimajoto chenye kihisio kilicholazwa kando ya yai, si juu ya kifuniko. Tofauti ya nyuzi mbili ndani ya boksi moja ni jambo la kawaida.

Mwisho, kuna rangi ambazo hazina jedwali kabisa. Tangerine, mkia wa karoti na Black Night hujengwa kwa kuchagua wazazi kizazi baada ya kizazi, jeni nyingi ndogo zikisukumana. Ukimpandisha Tangerine mzuri na wa kawaida, utapata watoto wa katikati, mmoja mkali, mmoja hafifu. Huwezi kuandika "heti Tangerine". Andika majina ya wazazi na picha zao, basi.

---

Zambarau aliuliza:

Nawafuatilia. Na mimi nina dume Tremper, natafuta jike wa Lemon Frost ili nipate manjano inayong'aa. Hiyo nayo ni ya nakala moja?

---

PunjeYaYai alijibu:

Ni ya nakala moja, ndiyo, na usiinunue.

Lemon Frost inang'arisha ngozi kwa sababu seli zinazoakisi mwanga zinazaliana kupita kiasi. Seli hizo hizo ndizo zinazogeuka uvimbe: mabonge meupe chini ya ngozi, tumboni na kwenye ini. Watafiti wa UCLA (Chuo Kikuu cha California, Los Angeles) walichapisha mwaka 2021 utafiti ulioihusisha rangi hii na jeni ya SPINT1, na zaidi ya asilimia 80 ya geko wa Lemon Frost hupata uvimbe. Wenye nakala mbili ni wabaya zaidi, ngozi yao huwa nene tangu wadogo. Rangi na ugonjwa ni kitu kimoja, kwa hiyo hakuna "ukoo safi". Anayekuuzia ukoo safi anauza mtoto ambaye bado hajaota uvimbe.

Enigma, rangi nyingine, ni kesi ya jirani. Jeni tawala, nakala moja inatosha, mabaka mazuri ajabu. Lakini huja na kasoro ya kujisawazisha mwili: anazunguka duara, anainamisha kichwa, anakosa minyoo ya unga iliyo mbele ya pua. Ukali wake hautabiriki. Mzazi anayeonekana mzima anaweza kutoa mtoto asiyeweza kula mwenyewe. Usimpandishe.

White and Yellow, rangi nyingine tena, sijui tuseme nini. Kuna koo zenye dalili kama hizo na koo zisizo nazo. Ningetaka kuwaona wazazi wakila kabla ya kutoa pesa.

---

Zambarau alijibu:

Nilishamlipia kishika nafasi. Basi nitaiomba irudi. Kuna mbadala wa manjano kali?

---

Kishingo alijibu:

Tangerine wa Tremper. Mchukulie dume wako jike wa ukoo wa Tangerine ambaye ni heti Tremper au Tremper mwenyewe. Na hakikisha ni Tremper, umeshaona juu huko yaliyompata mwenzako.

---

MwanaKokoto alijibu:

Nimeelewa. Nimeandika lebo hizi, nisahihisheni kabla sijawapa watu:

Wawili: "Mack Snow, heti Tremper, heti albino wa pili (Bell au Rainwater, haijathibitishwa)."

Wanne: "Kawaida, heti Tremper, heti albino wa pili (haijathibitishwa)."

---

PunjeYaYai alijibu:

Lebo ya wale wawili iko sawa. Kwa wanne, muuzaji amesema hakuna dume, na hakuna sababu ya kumkatalia, lakini wewe hukuwepo. Andika "heti Tremper kwa kauli ya muuzaji wa mama". Ualbino wa mama ndio wenye uhakika kwa wote sita, kwa sababu mama tunamjua, isipokuwa jina lake tu.

Ongeza tarehe ya yai, tarehe ya kuanguliwa, joto nyuzi 30, na picha ya siku ya kwanza. Na andika waziwazi: "asipandishwe na albino wa aina yoyote mpaka mama apimwe". Mnunuzi akikasirika kwa hilo, alitaka kuzalisha wa kuuza, si kufuga.

---

MkiaMnene alijibu:

Na mayai yajayo usiyachanganye na haya ukimjaribu jike kwa dume mwingine. Weka alama ya penseli juu ya kila yai siku linapotagwa, tarehe na herufi ya baba, alama itazame juu muda wote. Penseli laini, si kalamu ya wino. Yai likipinduliwa baada ya siku ya kwanza, kiini kinaweza kufa, na utabaki unatafuta kosa kwenye jeni wakati kosa liko mkononi.

Vemikulaiti (chembe za madini za kulazia mayai) na maji uzito sawa kwa sawa, ukiibana ngumini isidondoshe tone. Hayo mawili yaliyooza, yalikuwa yamezama nusu au yamewekwa juu juu?

---

MwanaKokoto alijibu:

Juu juu. Na yalibonyea wiki ya pili.

---

MkiaMnene alijibu:

Yalikauka. Yazamishe nusu, na pima boksi lote kwa mizani siku ya kwanza. Uzito ukipungua, rudishia maji gramu zile zile pembeni, usimwagie yai. Lakini kama yalitagwa tayari yakiwa laini na ya manjano manjano, hayakuwa na mbegu tangu mwanzo. Lishike yai gizani mbele ya tochi ya simu siku ya saba: la uhai lina duara jekundu la mishipa, lisilo na uhai ni manjano tupu.